Nguo za Wauguzi Njiani na Sokoni

Jioni zamu ya mchana inapokwisha, wafanyakazi hutoka katika lango la hospitali makundi kwa makundi na kuelekea kituo cha mabasi. Kati yao wamo wauguzi, wakunga na wasaidizi wa wodi ambao hawakubadili nguo. Wamevaa zile zile walizofanyia kazi tangu asubuhi, na saa ndogo imening'inia kifuani. Mwuguzi wa namna hii akipanda basi, mzee mmoja humpisha kiti na kumwambia, "Keti, sista, umesimama mchana kutwa." Lakini mama aliyempakata mtoto mchanga kwenye kiti cha pili huvuta kanga yake akamfunika mtoto uso.

Wote wawili wana sababu. Mzee anakumbuka mikono iliyomwuguza siku alipolazwa. Mama anawaza juu ya vidonda vilivyofungwa leo, na makohozi, na damu, na anajiuliza ni kiasi gani cha mambo hayo kimeingia naye ndani ya basi. Basi, je, yafaa mwuguzi avae nguo za kazi njiani, dukani na sokoni, au yampasa aziache hospitali?

Nguo hizi hapo mwanzo zilikusudiwa zionekane na watu. Mwaka 1854 Bibi Florence Nightingale alikwenda Scutari, katika nchi ya Uturuki, pamoja na wauguzi 38, ili kuwatunza askari wa Uingereza katika vita vya Krimea. Wauguzi wale walipewa nguo za kijivu zisizo na urembo wo wote, na kitambaa cha begani kilichotariziwa jina la hospitali. Kila aliyewaona alijua kazi yao. Wakati huo habari za viini vya maradhi zilikuwa bado hazijathibitishwa, na madaktari wapasuaji walikuwa wakifanya kazi na makoti meusi yaliyokauka damu. Nguo nyeupe zilienea baadaye, mwisho wa karne ya 19, watu walipokwisha kuelewa kwamba uchafu huleta maradhi. Sifa kubwa ya nyeupe ni kwamba haifichi doa.

Lakini tangu hapo wenye elimu walikuwa wamepata dalili kwamba hatari kubwa iko katika mikono. Katika hospitali ya wazazi ya Vienna, nchi ya Austria, madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Mwezi wa Aprili 1847 walikufa wazazi zaidi ya 18 katika kila 100. Daktari Ignaz Semmelweis akaamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi, na kufikia mwezi wa Juni vifo vilikuwa vimeshuka hata kama 2 katika kila 100. Hakumvua mtu koti lake. Mwenye kuogopa nguo za mwuguzi ndani ya basi yafaa alikumbuke jambo hili, maana mikono isiyonawiwa inaweza kutoka hospitali hata ndani ya suti nzuri.

Hata hivyo nguo haziwezi kuachwa hivi hivi. Mfugaji hahitaji kufundishwa sana juu ya jambo hili, kwa kuwa ameona jinsi Afisa wa Mifugo anavyokanyaga dawa kabla ya kuingia zizini na tena anapotoka. Uingereza ilipopatwa na ugonjwa wa miguu na midomo mwaka 2001, wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa, na njiani penye mashamba palitandikwa mikeka yenye dawa ya kuulia viini, kwa sababu ugonjwa ule huweza kubebwa na kiatu na gurudumu. Mtu aliyeyaona hayo huuliza: Ikiwa kiatu cha mfugaji kinaoshwa, kwa nini nguo ya mwuguzi ipite sokoni katikati ya mboga na nyama?

Wachunguzi wamejaribu kulijibu swali hilo. Mwaka 2000, huko Marekani, walitia viini vinavyopatikana sana hospitali juu ya vitambaa vya namna mbalimbali, wakavitazama siku hata siku. Vyote viliishi kwa siku moja au zaidi, na baadhi yao viliishi kwa majuma mengi. Mwaka 2011 wachunguzi wa Yerusalemu walipima nguo za madaktari na wauguzi wa hospitali moja, wakagundua kwamba kama 60 katika kila 100 zilikuwa na viini viwezavyo kuleta maradhi, na baadhi ya viini hivyo havikusikia tena dawa za kawaida.

Habari hizi zinatisha, lakini yafaa zisomwe kwa utulivu. Kiini kukutwa katika mfuko wa nguo si sawasawa na kiini kumwingia mtu akaugua. Serikali ya Uingereza ilikusanya ushahidi wote mwaka 2007, na haikupata uthibitisho wa kutosha kwamba nguo za kazi ndizo zinazoeneza maradhi. Ilitoa maagizo vile vile. Tangu mwaka 2008 wahudumu wanaomgusa mgonjwa wametakiwa wawe na mikono wazi chini ya kiwiko, bila saa wala pete zenye vito, ili wanawe vizuri. Tena wakaambiwa wabadili nguo kazini, au wazifunike kabisa wanapokwenda na kurudi, wala wasionekane madukani wamezivaa. Sababu iliyotolewa kwa amri hii ya pili ilikuwa ni imani ya watu. Umma haupendi kuona nguo za wodi katika duka la vyakula, na hospitali isiyoaminiwa haiwezi kuponya.

Ajabu ni kwamba watu wanapobishana juu ya jambo hili hutazama upande mmoja tu wa njia, yaani kutoka hospitali kwenda sokoni. Upande wa pili hausemwi. Mwuguzi aliyekaa katika kiti cha basi kilichokaliwa na watu mia, akabanwa na gunia la viazi na kuku wawili, kisha akaingia na nguo zile zile katika wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, au ya watu walioungua moto, amewachukulia vumbi na uchafu wa mji mzima watu wasio na nguvu ya kupigana nao. Mama wa basini ana mtoto mwenye afya. Kwa haki, aliye hatarini zaidi ni yule aliyelala ndani.

Lakini amri ni rahisi kuandikwa. Katika zahanati nyingi za mashambani hakuna chumba cha kubadilia nguo. Mwuguzi hana kabati lenye kufuli, na akiacha gauni lake juu ya msumari, huenda jioni asilikute. Tena nguo mara nyingi ni mzigo wake mwenyewe. Wauguzi wa Kenya walipogoma mwaka 2017 kwa karibu miezi 5, fedha za nguo za kazi zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyadai. Mwenye gauni mbili tu, anayezifua usiku katika karai moja na nguo za watoto wake, hawezi kulaumiwa kama mtu aliyekataa maarifa. Hata Uingereza, penye mashine za kufulia karibu katika kila nyumba, uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya wauguzi 2 katika kila 5 walioulizwa walikuwa wakifua nguo zao kwa maji yasiyofikia joto lililoagizwa.

Yuko pia mkunga anayeitwa usiku. Kwake yeye nguo nyeupe ni kama taa. Askari wa zamu humwacha apite, walevi humpa njia, na mume wa mzazi humtambua kutoka mbali. Kumvua nguo hizo kwa sababu ya usafi ni kumwondolea ulinzi alio nao.

Ulinzi huo nao hugeuka. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia Mexico, wauguzi waliovaa nguo nyeupe walitukanwa mabarabarani, wengine wakamwagiwa maji ya klorini, na wengine wakakataliwa katika mabasi. Hata wakashauriwa na wakubwa wao wasitoke na nguo za kazi, si kwa kuwalinda watu na viini, bali kuwalinda wauguzi na watu. Alama ile ile iliyoheshimiwa mwezi mmoja ilikuwa hatari mwezi uliofuata.

Kwa hiyo uamuzi wa haki hauwezi kumwangukia mwuguzi peke yake. Nguo za wodi zisiingie sokoni. Hilo ni jema, hata kama ushahidi wake ni mdogo, maana gharama yake ni ndogo kuliko hofu ya watu. Lakini anayetoa amri na atoe kwanza chumba, kabati, bomba la maji na sabuni. Na wodini, mwuguzi apewe aproni ya plastiki ya kuvaa juu ya nguo anapomhudumia mgonjwa na kuitupa akimaliza, kwa kuwa uchafu mwingi hurukia kifuani na tumboni, na aproni huupokea sehemu yake kubwa.

Kuhusu kufua, joto lililoagizwa na Uingereza ni digrii 60 za sentigredi kwa muda wa dakika 10. Asiye na mashine anaweza kulipata kwa kumimina maji yaliyochemka juu ya kiasi kama hicho cha maji ya baridi. Ila maji hupoa upesi katika karai, kwa hiyo ni afadhali ya moto yazidi, na nguo ziloweshwe kwanza, kwa maana mkono hauwezi kustahimili joto hilo. Zifuliwe peke yake, kisha zipigwe pasi ya moto sana. Wachunguzi wa Uingereza walionyesha mwaka 2006 kwamba pasi huua viini vilivyobaki baada ya kufua kwa maji ya uvuguvugu, na pasi ya makaa ina moto wa kutosha kwa kazi hiyo.

Na pale ambapo chumba bado hakijajengwa, koti jepesi la kuvaa juu ya nguo, linalofika chini ya magoti na kufungwa vifungo vyote, lafaa kwa safari ya basi. Nalo lifuliwe kila juma, kwa maana koti lisilofuliwa litakuwa limekusanya ya wodi kwa ndani na ya basi kwa nje.