Limerick: kina kinasikika na sikio la nani?

Siku moja nikiwa ku masomo, niliandika shairi, mwisho wa mstari mumoja «fedha», mwisho wa ule mwingine «weza». Mwalimu akachora msalaba mwekundu: hakuna kina hapa. Nikanyamaza, lakini moyoni nilijiuliza: juu ya nini sikio langu linasikia kina?

Jibu nililipata mu limerick. Ni shairi fupi la kuchekesha, mistari mitano. Wa 1, wa 2 na wa 5 ni mirefu na iko na kina kimoja. Wa 3 na wa 4 ni mifupi, na kina chake. Lina jina la mji wa Limerick, Ayalandi, na Mwingereza Edward Lear njo alilieneza sana na kitabu chake cha 1846. Mufano wangu huu:

Mzee mumoja wa Uvira
alienda kutafuta mupira.
Akaukuta ziwani,
kiboko anao kinywani:
sasa nani ako na hasira?

Munaona, sichukui «-ra» peke yake. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio linataka «-ira» nzima.

Sasa matamshi. Mutu wa London akisema «sauce» na «horse», r haisikiki, kina kinatimia. Mutu wa Chicago anatamka ile r. Kwake kina kimevunjika. Na Waayalandi wengi wanaitamka pia! Shairi lile lile linatembea vizuri mu mji moja, linachechemea mu mwingine. Hakuna mwenye kukosa.

Kwetu ni vile vile. Mutu wa Zanzibar anatenganisha «dh» na «z»: «fedha» na «weza» kwake ni mbali. Lakini Bukavu ao Lubumbashi wengi wanasema «feza». Feza, weza: kina ni kamili. Kuko pia wale wanaobadilishana l na r. Kwao «mbali» na «habari» zinakutana. Mwalimu wangu alisoma na macho, mimi niliandika na sikio.

Je, alikosa? Kwa shairi la Kiswahili sanifu, hapana. Ile ni sheria ya mchezo ule. Lakini angeniambia: «Kina chako ni cha matamshi ya kwenu, hapa tunafuata mengine.» Msalaba peke yake ulinifundisha haya, na miaka mingi sikuandika tena.

Kwa hiyo, mbele ya kuandika limerick, jiuliza nani atasoma. Kama ni watu wa kila pahali, chagua maneno yenye kutamkwa sawa pote, kama «ziwani» na «kinywani». Kama ni wa kwenu, tumia ya kwenu bila haya. Na ukipewa shairi la mwenzako, ulisome kwa sauti, na matamshi yake yeye, mbele ya kushika bic nyekundu.