Miaka Sita ya Kazi Marekani, na Ukaazi Usiofika Upesi

Mwezi uliopita, baada ya watoto kufunga misahafu na kwenda zao, alitujia mzee mmoja wa mtaa wetu, uso wake umejaa fikira. Mwanawe yuko Marekani kwa kazi ya kompyuta, na huu ni mwaka wake wa tano katika viza ya wenye ujuzi iitwayo H-1B. Khabari zimemfikia kwamba mwenye viza hiyo hukaa miaka sita tu. Akatuuliza: "Maalim, mwanangu ana mke na watoto kule, na ukaazi wa daima hajaupata. Mwaka wa sita ukisha, atafukuzwa?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tukawauliza wajuao, tukaisoma sharia, na tuliyoyapata tumeona si haki kumpa mzee mmoja tu, maana nyumba zenye mashaka kama haya si chache.

Basi na ieleweke kwanza kwamba viza hii hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha huongezwa mpaka ikatimia sita. Huo ndio mpaka wake. Lakini mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sharia ya kuwafaa wale waliokwisha kuanza safari ya ukaazi, nayo iliacha milango miwili wazi.

Mlango wa kwanza ni wa nyongeza ya mwaka mmoja mmoja. Mwajiri hupeleka ombi kwa Idara ya Kazi, kuthibitisha kwamba hakumpata Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuifanya kazi ile. Kisha hupeleka kwa Idara ya Uhamiaji ombi la kumtaka mfanyakazi wake awe mkaazi. Ikiwa moja katika maombi hayo limekwisha kaa siku 365 tangu lilipopelekwa, wala halijakataliwa kabisa, mfanyakazi huweza kuongezewa mwaka, na mwaka mwingine baada yake.

Mlango wa pili ni wa miaka mitatu. Huo ni wa yule ambaye ombi la mwajiri wake limekubaliwa na Idara ya Uhamiaji, ila zamu yake ya kupewa ukaazi haijafika. Sababu ya kungoja ni hii: viza za ukaazi kwa njia ya kazi ni kiasi cha 140,000 kwa mwaka, wake na watoto wamo humo humo, na wazaliwa wa nchi moja kwa kawaida hawapewi zaidi ya sehemu 7 katika 100. Ndiyo maana wazaliwa wa India hungoja miaka mingi mno.

Na hapa pana jambo linalowahusu khasa watu wa pwani yetu. Kinachotazamwa ni nchi aliyozaliwa mtu, si asili ya babu zake wala pasi aliyonayo. Mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Mombasa huhesabiwa katika Kenya. Na aliyezaliwa India akaoa mzaliwa wa Zanzibar aweza kuhesabiwa katika nchi ya mkewe, wakiomba pamoja.

Liko na jambo la tatu ambalo wengi hawalijui. Siku kamili alizokuwa mtu nje ya Marekani hazihesabiwi katika ile miaka sita. Aliyekuja nyumbani kufunga Ramadhani na wazee wake aweza kudai siku zile arudishiwe, ilimradi ana ushahidi wa mihuri ya pasi na tikiti za safari. Basi karatasi hizo zisitupwe.

Vijana wetu wakumbuke ya kuwa anayepeleka maombi haya ni mwajiri, si mfanyakazi, na matayarisho yake ya mishahara na matangazo huchukua miezi mingi. Kwa hivyo mwenye akili huanza kumkumbusha mwajiri wake katika mwaka wa nne, ili ombi liwe limepelekwa kabla wa tano haujatimia. Ama ombi lililokwisha kukubaliwa kwa siku 180, mwajiri akiliondoa baadaye bado huweza kumfaa mtu kuongezewa muda kwa mwajiri mwingine. Lakini aliyeachishwa kazi hupewa siku zisizozidi 60 za kujitafutia njia, wala hazipiti muda wa viza yake.

Zamu ikifika, mtu huomba ukaazi akiwa kule kule. Na hapa tunawasihi wazazi. Mwenye H-1B iliyo hai aweza kutoka na kurudi kwayo. Ama aliyeiacha, akategemea kibali cha kazi cha kungojea, hana budi kupata kwanza ruhusa ya safari. Akitoka bila hiyo, hata kwa maziko ya mzazi, ombi lake huhesabiwa kuwa ameliacha. Tena mwaka 2025 Marekani iliwawekea vizuizi vya kuingia raia wa nchi kadha, Somalia na Burundi miongoni mwao. Basi tusimlaumu mtoto asiyekuja upesi, na yeye asikate tikiti kabla ya kumwuliza mwanasharia.

Mzee wetu alipoyasikia haya alimpigia mwanawe simu usiku ule ule. Ikadhihirika kwamba mwajiri alikuwa ameahidi kwa maneno tu; hakuna hata karatasi moja iliyopelekwa, na imebaki miezi saba mwaka wa tano utimie. Lakini kijana alikuja mara mbili kumwuguza mama yake, jumla siku 71, na mihuri yote anayo. Siku zile ambazo jamaa walisema amezipoteza ndizo leo zinazompa nafasi. Asubuhi yake alikwenda kwa mwajiri na hesabu mkononi, naye mwajiri ameanza matayarisho. Nasi tunamwombea Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi.