Jicho la Mama na Sahani ya Binti

Binti hujifunza kula kwa nani? Kwanza kwa mama yake. Tena kwa macho zaidi kuliko kwa masikio.

Tutwae mfano mmoja. Huko Rwanda, desturi ya zamani iliwakataza wanawake nyama ya mbuzi. Mama alimwambia binti: «Ukiila, utaota ndevu.» Mbuzi haoteshi ndevu, lakini nyama ilibaki kwa wanaume. Nayo nyama ina chuma kinachotengeneza damu, na binti aliyekomaa hupoteza damu kila mwezi.

Maneno juu ya mwili yana nguvu ileile. «Umenona mno!» «Umekonda, nani atakuoa?» Mtoto anayesikia hayo kila siku huanza kukiogopa chakula. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza kwamba vijana walioambiwa na wazazi habari za unene wao walijinyima chakula zaidi kuliko wale walioongea nao juu ya chakula chema tu.

Basi, ndugu wapenzi, tutakapowafundisha akina mama, tuwaambie hivi: ketini, mle pamoja na binti zenu bukari, sombe na nyama, wala msiwapime kwa ulimi.