Mali Bila Daftari: Santuri za Jazz Majumbani Mwetu



Matanga ya mzee mmoja wa jumuiya yetu yalipokwisha mwaka jana, watoto wake walinipigia simu kuniuliza jambo ambalo sikulitazamia. Nyumba yao ya Schaerbeek ilikuwa irudishwe kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Vitanda na makabati vilikwisha kugawanywa. Kilichobaki sebuleni ni CD za marehemu, 212 kwa hesabu, nyingine moja moja, nyingine katika makasha ya mbili, ya nne, hata ya kumi. "Baba mdogo," akasema kijana mkubwa, "tuzifanyeje? Tukikosa wa kuzichukua, Jumapili tunazipeleka Jeu de Balle."

Kwa wale wasiopajua, Jeu de Balle ni ule uwanja wa mtaa wa Marolles ambako kila siku asubuhi vitu vikuukuu hutandazwa chini na kuuzwa, na vingi hutoka katika nyumba za watu waliofariki. Mimi mwenyewe ni mteja wa siku nyingi wa pale. Nimenunua santuri zisizo na idadi, nikashangilia bei, wala sijapata kuuliza hata mara moja zilikuwa za nani. Siku ile ndipo swali hilo lilinifikia, nikamwambia kijana asubiri.

Makala hii imetokana na kusubiri huko. Najua kwamba karibu kila nyumba yetu ina rafu kama ile ya marehemu, ndogo au kubwa.

MUZIKI ULIOZALIWA MJINI HUMU

Baadhi yetu hudhani kwamba muziki huu tuliuleta sisi mizigoni. Kwa kweli sehemu yake ilizaliwa hapa hapa. Mkutano wa Meza ya Duara juu ya uhuru wa Kongo ulifunguliwa Brussels tarehe 20 Januari 1960, na bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, ikaletwa kuwatumbuiza wajumbe. Thomas Kanza ndiye aliyeshughulikia safari hiyo. Kabasele alikuja na Nicolas Kasanda, tunayemwita Docteur Nico, na kaka yake Dechaud kwenye magitaa, pamoja na Roger Izeidi na Petit Pierre. Kutoka OK Jazz waliazimwa Vicky Longomba na Brazzos. Tarehe ya uhuru, 30 Juni, ilipokubaliwa, wimbo wa "Indépendance Cha Cha" ukapigwa katika hoteli ya Plaza, boulevard Adolphe Max, na ukarekodiwa mjini humu. Kutoka hapa ukaenda kusikika katika nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zikidai uhuru wao.

Ilikuwa Brussels vilevile, katika klabu ya Les Anges Noirs, ambako Kabasele alikutana na kijana wa Kameruni mpiga saksafoni, Manu Dibango. Dibango alikuwa amelelewa na jazz ya Marekani. Kabasele alikuwa na jazz ya Léopoldville. Wakarekodi pamoja, na mwaka 1961 Dibango akaenda naye Kongo.

Kisha mji huu ukawa pia mahali pa kuagana. Docteur Nico alifariki Brussels mwaka 1985. Franco Luambo alifariki katika hospitali ya Namur tarehe 12 Oktoba 1989. Tabu Ley alifariki Brussels tarehe 30 Novemba 2013. Wengi wetu tulisimama kando ya barabara za Matonge, pale Porte de Namur, tukiambiana habari hizo kwa sauti ya chini kama watu waliofiwa na ndugu.

JAZZ IPI?

Mtoto aliyezaliwa hapa akisikia neno jazz humfikiria Toots Thielemans, mtoto wa Marolles aliyezaliwa mwaka 1922, au Django Reinhardt, aliyezaliwa Liberchies mwaka 1910. Shuleni ameambiwa kwamba aliyevumbua saksafoni, Adolphe Sax, ni mtu wa Dinant. Hakosei. Tena mwanasheria wa Brussels, Robert Goffin, alitoa kitabu juu ya jazz mwaka 1932, wakati ambapo watu wachache sana duniani walikuwa wameona muziki huo unastahili kuandikiwa kitabu.

Lakini mwaka huohuo wa 1932 ndipo ilipoundwa bendi ya Dar es Salaam Jazz. Morogoro Jazz ilifuata mwaka 1944, na baadaye Western Jazz, Kilwa Jazz, Jamhuri Jazz na nyingine nyingi. Kwetu jazz maana yake ni bendi ya dansi: magitaa, tarumbeta, saksafoni na ngoma, iwe inapiga rumba, cha-cha au mtindo wake yenyewe. Marehemu hakuona ugomvi wowote kati ya maana hizo mbili. Katika rafu yake Duke Ellington alikaa bega kwa bega na Franco, na Count Basie alipakana na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Wanawe walidhani ni ovyo ya mzee. Mimi naona ni mpango.

KUTOKA GAMBA ZITO HADI CD

Vijana wetu hawakuziona santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Zilikuwa nzito, zilibeba dakika tatu hivi kila upande, na zikidondoka zilivunjika kama sahani ya udongo. Ndizo zilizotengenezwa na kampuni za Léopoldville kama Ngoma, iliyoanzishwa mwaka 1948, na Loningisa iliyofuata. Hata fundi wa gitaa wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili, alianza kujulikana ulimwenguni kwa santuri za namna hiyo, baada ya Hugh Tracey kumrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952.

Zikaja santuri ndogo za mizunguko 45. Wimbo mrefu uligawanywa vipande viwili, na wachezaji walijua kwamba pale magitaa yanapoanza kuwaka moto, ndipo mtu anapotakiwa kukimbia kuigeuza santuri.

CD ilitoka Japani mwaka 1982 na kuingia Ulaya mwaka 1983, kazi ya Philips ya Uholanzi na Sony. Upana wake ni sentimita 12 na hubeba dakika 74 hivi. Pigeni hesabu: santuri kumi na mbili za gamba, pande zote mbili, ambazo mtu alizibeba kwa kikapu na dua, zinaingia katika sahani moja ya kutia mfukoni. Ndiyo maana muziki wa zamani ulianza kurudi.

Ulirudi kwa awamu. Mwaka 1991 kampuni ya Crammed Discs ya mjini humu ilitoa "Roots of Rumba Rock", nyimbo za Loningisa za miaka ya 1950. Katika miaka ya 1990 Sonodisc ya Paris ilitoa CD za African Jazz, OK Jazz na African Fiesta kwa wingi, na madukani Matonge zilipangwa kama mikate. Mwaka 2005 Buda Musique ya Paris ilianza mfululizo wa "Zanzibara", wenye taarabu ya Unguja na Mombasa pamoja na dansi ya Tanzania. Sterns ya London ilitoa makasha mawili ya Franco yaitwayo "Francophonic", mwaka 2008 na 2009, na mwaka 2013 kasha la Grand Kallé lenye kitabu kinene cha maisha yake.

KULITAMBUA KASHA JEMA

Mtu akitaka kununua leo, dukani au sokoni, asidanganywe na jalada zuri. Afungue kijitabu na kutazama mambo manne.

Kwanza, majina. Kasha jema hutaja nani aliimba, nani alipiga gitaa la solo, nani saksafoni, wapi na mwaka gani. CD nyingi za zamani ziliandika jina la bendi tu, na mabwana wanane wakafukiwa chini ya jina moja.

Pili, asili ya sauti. Je, imetoka katika utepe wa studio, au katika santuri iliyochakaa? Si vibaya kutumia santuri, maadamu msomaji ameambiwa.

Tatu, mwendo. Santuri ikinakiliwa kwa mwendo wa kasi kupita kiasi, sauti ya mwanamume huwa nyembamba kama ya mtoto. Anayezikumbuka sauti hizo atajua mara moja.

Nne, usafi uliopita kiasi. Mafundi wengine huondoa mchakacho wa santuri hata pumzi ya saksafoni ikatoka pamoja nao. Afadhali kelele kidogo na uhai.

HAKI YA MTUNZI

Wengi huuliza kwa nini makasha ya CD kumi za jazz ya zamani huuzwa kwa bei ya CD moja. Sababu ni sheria. Katika Umoja wa Ulaya haki ya rekodi yenyewe ilikuwa ya miaka 50, ikaongezwa hadi 70 kwa sheria ya mwaka 2011, lakini rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zilikuwa zimekwisha kutoka katika ulinzi. Yeyote aweza kuzichapa tena bila kuilipa kampuni ya zamani.

Haki ya mtunzi ni jambo jingine kabisa. Hiyo hudumu maisha yake na miaka 70 baada ya kifo. Kabasele alifariki mwaka 1983. Kwa hiyo warithi wake wana haki juu ya tungo zake, hata kama rekodi ni mali ya kila mtu. Tukinunua kasha lisilotaja mtunzi hata mmoja, tujiulize kama yupo mjane au yatima aliyerukwa.

JUMAPILI ILE SCHAERBEEK

Tulikutana watu sita: mjane, watoto watatu, jirani mmoja na mimi. Nilidhani tungepanga CD kwa alfabeti na kumaliza kabla ya chakula. Haikuwa hivyo.

Kijana mdogo wa marehemu alizijua nyimbo zote, lakini hakujua jina la hata moja. Alizijua kwa namba. "Baba alikuwa akiniambia, weka ya bluu, namba nne." Tukaiweka ya bluu, namba nne. Gitaa la Docteur Nico likaingia. Mjane, aliyekuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Akatueleza kwamba ndoa yao ilifanyika Bukavu, na bendi iliyoahidiwa haikutokea. Mgiriki mmoja mwenye duka akawaazima gramafoni na santuri tatu. Walicheza santuri tatu hizo mpaka alfajiri, na huu ndio wimbo wa kwanza waliousikia wakiwa mke na mume. "Miaka yote hii," akasema, "nikimsikia akisema namba nne, nilijua ananiita."

Watoto hawakuwa wamewahi kuambiwa. Walikuwa wamepanga kuiuza kwa euro mbili.

Tuliendelea mpaka usiku. Katika CD 212, mama alikuwa na habari ya tisa. Zile 203 zilizobaki, aliyejua kwa nini zilinunuliwa alikuwa amekwisha kuzikwa. Kwa nini alikuwa na Ellington tatu za aina moja? Kwa nini kasha la "Zanzibara" lilikuwa na tiketi ya treni ya Liège ndani yake? Hakuna wa kutujibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikiitumia methali hiyo kwa wafanyabiashara. Siku ile niliiona imekaa kwenye rafu ya sebuleni.

OMBI KWENU

CD zenyewe hazidumu milele. Zishikeni kwa kingo, zipanguseni kutoka katikati kwenda nje, msizibandike karatasi, mziweke wima mbali na jua, na mnakili kwenye kompyuta zile mnazozipenda. Hayo ni rahisi.

Lililo gumu zaidi ni hili. Kila mzee wetu na achukue karatasi ndogo kwa kila CD anayoithamini, aandike mistari mitatu: niliipata wapi, wimbo upi ninaupenda, na unanikumbusha nani. Aikunje na kuitia ndani ya kijitabu. Asiyeweza kuandika na amwambie mjukuu amwandikie, kwa Kiswahili, hata kama Kiswahili cha mjukuu kinachechemea. Wataalamu wa London na Paris wametuandikia nani alipiga gitaa, nasi tunawashukuru. Nani alicheza, hilo hawawezi kutuandikia.

CD za marehemu hazikwenda Jeu de Balle. Binti yake wa kati amezichukua zote, na katika tisa kati yake mna karatasi zenye maneno ya mama yake. Ile ya bluu haipo. Mama ameibaki nayo mwenyewe, pamoja na chombo cha kuipigia, na kijana mdogo huenda kila Jumamosi kumwekea. Siku hizi anaijua kwa jina, lakini mama bado hupenda aiite namba nne.