Vikombe Vinne vya Maziwa

Kila mtoto wa Temeke au Kinondoni amepata kuona maziwa yakigandishwa. Mama huyachemsha, huyaacha mpaka yawe vuguvugu, huyatia kijiko cha mtindi wa jana, kisha huyafunika. Asubuhi yamekuwa mazito na machachu. Lakini ni watoto wachache waulizao: Ni nani aliyefanya kazi hiyo usiku, watu wote walipokuwa wamelala?

Waliofanya ni bakteria, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho ila kwa hadubini. Vijidudu hivyo hula sukari iliyomo katika maziwa na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo iyagandishayo. Basi si vijidudu vyote vilivyo adui zetu. Lakini viko vingine viletavyo kifua kikuu, kuhara na kipindupindu. Kwa hiyo yatupasa kuzijua desturi zao.

Wanafunzi wa darasa la saba katika shule moja ya Temeke walitaka kujua vijidudu hufanyaje hali ya makao yao inapobadilika. Walichemsha maziwa, wakayaacha yapoe kidogo, wakayagawa sawasawa katika vikombe vinne vilivyosafishwa kwa maji ya moto. Cha kwanza walikitia kijiko cha mtindi, wakakiweka rafuni. Cha pili walikitia mtindi vilevile, wakakizika katika barafu ndani ya sanduku la muuza samaki aliye jirani na shule. Cha tatu walikitia mtindi pamoja na chumvi nyingi. Cha nne hawakukitia kitu, ili kiwe shahidi. Vyote vilifunikwa vizuri.

Asubuhi walikuta maziwa ya kikombe cha kwanza yameganda. Ya pili, ya tatu na ya nne yalikuwa majimaji bado. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, vijidudu vya kikombe cha pili vimekufa kwa baridi." Msichana aliyekaa nyuma akamjibu, "Hujui bado. Tukitoe katika barafu, tukiweke rafuni, tuone." Wakafanya hivyo. Siku ya pili yake, kumbe maziwa yale nayo yameganda! Vijidudu havikufa, vilikuwa vikingoja tu. Yule mvulana akacheka, akafuta maneno yake katika daftari na kuandika: Baridi hulaza, haiui.

Tazameni faida ya neno hilo. Chakula kilichotolewa katika barafu na kuachwa juani huharibika upesi, kwa sababu wale waliolala wameamka. Tena, wakiwa na chakula na joto jema, vijidudu vingine hugawanyika kila dakika 20: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Fanyeni hesabu, nanyi mtaona ya kuwa kijidudu kimoja kwa muda wa saa 7 chaweza kuwa vijidudu zaidi ya milioni 2.

Sasa, vijidudu huzoeaje makao mapya? Ziko njia mbili, wala zisichanganywe.

Njia ya kwanza ni kijidudu chenyewe kubadili kazi yake. Jacques Monod, mtaalamu wa Ufaransa, alivipa vijidudu viishivyo matumboni mwa watu aina mbili za sukari kwa wakati mmoja. Aliona kwamba hula kwanza ile sukari nyepesi mpaka imekwisha; kisha husimama kidogo, kama fundi anayebadili vyombo vyake, ndipo huanza kula ile ya pili. Kwa kazi yao ya kueleza mambo ya namna hii, Monod na wenziwe François Jacob na André Lwoff walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965. Na kijidudu cha kipindupindu chaweza kuishi katika maji ya pwani, mahali mto unapoingia baharini. Chakula kikikosekana hupunguza mwili wake na kutulia. Kikiingia tumboni mwa mtu huamka na kutoa sumu. Hivyo maji yaonekanayo safi huenda yasiwe salama.

Njia ya pili si ya kijidudu kimoja, bali ni ya uzao mzima. Mfano wake mkubwa ulitokea katika nchi yetu. Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka Tanzania. Watu wengi walipewa dawa iitwayo tetrasaiklini: wagonjwa ili wapone, na wazima ili wasishikwe. Katika mwezi wa kwanza vijidudu vyote vilivyopimwa vilishindwa na dawa ile. Baada ya miezi 5, kadiri ya 76 katika kila 100 havikushindwa tena. Dakta F. S. Mhalu na wenziwe walizitangaza habari hizo mwaka 1979 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet, na zikawa onyo kwa nchi nyingine.

Je, vijidudu vile vilifundishwa na dawa? La. Mfikirieni mvuvi wa Kunduchi atupaye kila siku wavu wenye matundu mapana. Samaki wakubwa hunaswa, wadogo hupenya. Wavu haukuwafundisha wadogo kupenya. Uliwaondoa wasioweza, wakabaki wawezao. Ndivyo ilivyo dawa. Katika mamilioni ya vijidudu huwamo vichache vyenye tofauti ndogo inayovikinga. Dawa ikiwaua wenzao, vile vichache hubaki na nafasi yote na chakula chote, na uzao wao hujaza mahali. Tena kijidudu chaweza kumpa mwenziwe ile kinga, kama jirani ampavyo jirani kaa la moto.

Kwa hiyo mtu amezaye vidonge vya kuua bakteria kwa sababu ya mafua tu, au anunuaye viwili vitatu dukani bila shauri la mganga, hajidhuru yeye peke yake. Huvichagulia nafasi vijidudu vikaidi, na kesho mtoto wa jirani akiugua kweli, dawa ile itamwangusha. Dawa hizo zitumiwe kwa maagizo ya mganga tu, kwa kipimo na kwa siku alizoagiza.

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam tena, kikianzia Kinondoni, kisha kikaenea katika mikoa mingi. Mgonjwa wa kipindupindu huokolewa kwanza kwa kurudishiwa maji na chumvi alivyopoteza, tena upesi. Na silaha za kumkinga mtu ni zile zile za zamani: choo kizuri, sabuni, chakula cha moto kilichofunikwa, na maji yaliyochemshwa. Kijidudu cha kipindupindu kimeweza kuishinda dawa ya gharama. Lakini katika sufuria ya maji yanayochemka hakiponi.

MASWALI

1. Kwa nini wanafunzi waliweka kikombe cha nne kisichotiwa kitu?
2. Eleza tofauti ya kulala na kufa kwa vijidudu, ukitoa mfano wa nyumbani.
3. Mfano wa wavu wa Kunduchi unatufundisha nini juu ya dawa?
4. Mwenzako ana mafua, na dada yake ana vidonge vilivyobaki mwaka jana. Utampa shauri gani, na kwa sababu gani?