Mbona Pikipiki Inakataa Mlima?

Wengi wenu mnamjua baba kwa moshi wake. Ndiye yule anayepita mbele ya lango la shule kila asubuhi na Yamaha DT 175 kuukuu, amebeba sukari na katoni za sabuni kupeleka Wundanyi. Pikipiki hiyo imenizidi umri kwa mbali. Mwaka jana ilianza kuchoka. Penye tambarare ilikwenda, lakini ikishatoka Mwatate na kuanza kona za mlima inakohoa, inakosa pumzi, na baba anashuka kusukuma.

Fundi mmoja aliisikiliza dakika mbili tu akatoa hukumu: silinda imelika, ichongwe, na inunuliwe pistoni mpya. Bei yake ilikuwa sawa na mbuzi wawili, na mbuzi hao ndio waliokuwa karo yangu ya muhula wa tatu. Basi nikaichunguza injini ile kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa fizikia hajapata kuiona.

Injini hii ni ya mipigo miwili, mafundi wanaiita tustroki. Bodaboda nyingi za siku hizi ni za mipigo minne: pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Kwa tustroki, moto huwaka kila pistoni inapofika juu. Haina valvu kichwani. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo mlango wa kuyafunga na kuyafungua. Petroli na hewa hupitia kwanza chumba cha chini, kwa hiyo oili haiwezi kukaa humo kama bwawa. Husafiri pamoja na petroli na kuungua nayo. Isipoungua vizuri, huacha masizi.

Nilianza na vitu visivyotaka pesa. Nikainua gurudumu na kulizungusha, maana breki ikikamata utailaumu injini bure. Likazunguka vizuri. Kitundu cha kifuniko cha tangi kilikuwa wazi. Nikapiga kiki polepole kwa mkono: ilikuwa ngumu. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku fundi, kwa sababu silinda iliyolika huvujisha mgandamizo na kiki huwa laini.

Nikafungua plagi. Plagi nzuri huwa na rangi ya kahawia. Ikiwa nyeupe, simamisha safari mara moja, kwani petroli ni haba na pistoni inaweza kuyeyuka. Yetu ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Nikaosha sponji ya kuchujia hewa kwa sabuni, nikaikausha na kuipaka oili kidogo. Ikapata nafuu, lakini mlima bado ukaishinda.

Ilibaki ekzosi. Ya tustroki si bomba la kutolea moshi tu. Tumbo lake limeumbwa hivyo ili wimbi la moshi lirudi na kuisukuma ndani petroli mbichi inayotaka kutoroka. Tulipochomoa kijibomba cha mwisho, tundu ambalo lingepitisha kidole halikupitisha hata penseli! Injini ilikuwa inavuta pumzi bila ya kuitoa. Baba alikichoma kwenye makaa uani, tukakigonga na kukikwangua. Tundu la moshi kwenye silinda nalo tulilikwangua kwa kijiti, si kwa chuma, pistoni ikiwa imeliziba ili uchafu usianguke ndani.

Masizi yote hayo yalitoka wapi? Pampu ya oili iliondolewa zamani, na baba huchanganya mwenyewe kwenye tangi. Alikuwa akimimina chupa nzima ya soda, mililita 300, katika lita 3 za petroli. Hiyo ni 10 kwa 1. Sisi sasa tunatumia 20 kwa 1, yaani mililita 150 kwa lita zile zile 3. Baba aliamini kwamba oili nyingi ni huruma kwa injini kuukuu, na sikumlaumu. Hata mimi ningedhani hivyo.

Jumamosi iliyofuata alipanda hadi Wundanyi na mzigo wake bila kushuka. Mbuzi waliuzwa baadaye, lakini kwa karo. Oili sasa inapimwa kwa chupa ya kunyonyea ya mdogo wangu, yenye alama za mililita, na mama bado anamdai baba chupa nyingine.