Mgeni Aliyevaa Jina la Mwenyeji

Mtu anaposema mkutanoni Lushoto, wasikilizaji humwona, huisikia lafudhi yake, na pengine huujua ukoo wake. Katika mitandao ya kijamii vitambulisho hivyo havipo. Jina, picha na makazi huandikwa na mwenye akaunti mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliye ng'ambo aweza kujiita mkulima wa mboga wa Lushoto, akajadili siasa zetu kana kwamba ni raia.

Jambo la namna hii limekwisha tokea karibu nasi. Tarehe 30 Oktoba 2019 kampuni ya Facebook ilitangaza kufuta mafungu matatu ya akaunti na kurasa zilizotoka Urusi, zikihusishwa na tajiri Yevgeny Prigozhin. Miongoni mwa nchi zilizolengwa zilikuwamo Msumbiji, Madagaska na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waendeshaji walijaribu kuficha utambulisho wao. Pamoja na akaunti bandia walitumia akaunti halisi za wenyeji wa Msumbiji na Madagaska.

Je, mgeni huyu hutambulikaje? Kipimo cha kwanza ni saa. Akaunti inayonyamaza mchana wetu na kuandika usiku kucha yatia shaka. Lakini saa za Moscow ni sawa na zetu, hivyo kipimo hiki hakimfichui mtu wa huko.

Kipimo cha pili ni lugha. Makosa ya ngeli yaweza kumfichua mgeni, ila siyo mgeni aliyemwajiri mwenyeji amwandikie.

Kipimo cha tatu ni anwani ya intaneti, ambayo huashiria nchi ya mtumiaji. Novemba 2025 mtandao wa X ulianza kuonyesha nchi ambamo akaunti inakisiwa kuwamo. Hata hivyo, atumiaye VPN hupitisha ujumbe wake katika kompyuta ya nchi nyingine, na anwani inayoonekana ni ya kompyuta hiyo. X ilifungwa Tanzania Mei 2025. Basi mkulima halisi wa Lushoto aliyepitia njia hiyo aweza kuonekana yuko Uholanzi.

Kwa hiyo kila kipimo huleta shaka tu, wala si ushahidi kamili. Kumwamini mgeni aliyejificha ni hatari. Kumwita raia mwenzetu mgeni ni kumnyang'anya haki ya kusema. Yatupasa kwanza kuchunguza lililosemwa. Akaunti ikidai kwamba ushuru wa mboga umepandishwa, waulizeni wauzaji sokoni na msome tangazo la halmashauri. Majibu hayo hayafichwi na jina la bandia.